Boneti Iliyopigwa Kokoto: Yanayosemwa Vijiweni na Ukweli Kuhusu Rangi ya Gari Iliyobanduka

Hapa Kigoma, gari lenye boneti safi kabisa ni gari ambalo halijatoka mjini. Lami imefika mbali siku hizi, lakini ukiacha barabara kuu ukaingia vijijini kule Kasulu, Buhigwe au Uvinza, unakutana na changarawe nyekundu, na kila lori unalopishana nalo linakurushia kokoto. Zinapiga ncha ya boneti, ukingo wa paa juu ya kioo, chini ya milango na nyuma ya matairi. Kila moja inaacha kitundu, kingine hata punje ya mchele ni kubwa kuliko chenyewe.

Ushauri kuhusu vitundu hivyo haukosekani. Utaupata kwa madereva wa teksi, utaupata barazani, utaupata hata kwa baadhi ya mafundi. Mwingi wake unaharibu magari ambayo watu wameyanunua kwa jasho la miaka, na ndiyo maana naandika.

“Hicho ni kidoa tu, gari linatembea”

Kabla ya kusema hivyo, inama ukitazame kitundu chenyewe kwa karibu, mchana, ukiwa umekifuta. Rangi ya kiwandani ina tabaka nne. Juu kabisa ni kliya, ile isiyo na rangi inayoleta mng'ao na kukinga jua. Chini yake kuna rangi yenyewe, kisha praima, yaani rangi ya msingi inayoishikilia ile ya juu, kisha tabaka jembamba linalogandishwa kwenye bati kwa umeme wakati bodi zima limezamishwa kwenye pipa kubwa la rangi. Zote nne kwa pamoja zina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kokoto haihitaji nguvu nyingi kuzipita.

Ukiona rangi ileile ya gari ila imefifia, ni kliya tu iliyotoka. Ukiona kijivu au weupe usiong'aa, umefika kwenye praima, na hapo bado una muda. Ukiona bati linang'aa, au tayari kuna doa la kahawia, huna tena muda wa kusubiri. Maji na hewa vikikutana na chuma, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inasukuma. Inapenya chini ya rangi nzima iliyo pembeni, inaiinua, na kitundu cha milimita mbili kinageuka kipele cha ukubwa wa sarafu. Bati likiachwa wazi mvua za Novemba zinapoanza, usishangae kukuta Aprili rangi ya pembeni imeshavimba. Magari mengi ya miaka ya karibuni yamepakwa zinki juu ya bati, na zinki inachelewesha mambo. Haizuii milele.

Ipo hali moja mbaya kuliko hiyo, nayo ni gari lililowahi kunyooshwa bodi. Kitundu kikionyesha puti, ile nene ya kijivu au ya manjano ambayo fundi hujazia bati lililobonyea, ujue puti inafyonza maji. Unyevu unaingia ndani na kukaa karibu na bati mahali usipopaona. Hapo usingoje hata wiki.

“Huku hakuna bahari, gari haliozi”

Hili linasemwa sana na watu waliohama kutoka Dar es Salaam au Tanga, ambako wameona magari yakiliwa na hewa ya pwani. Ni kweli chumvi inaharakisha kutu, na ni kweli maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi. Lakini kutu haihitaji chumvi ili ianze, inahitaji unyevu na hewa tu. Magari yanayolala Kibirizi au Ujiji yanaamka na umande, na vumbi jekundu lililojaa kwenye kitundu linashika umande ule hadi jua lipande.

Halafu nani kasema huku hakuna chumvi? Uvinza inachimbwa chumvi tangu enzi za mababu, na magunia yake yanasafirishwa kwenye magari yetu. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi nao wanapakiwa kwenye pikapu zilezile. Karia ya nyuma imechubuliwa na mizigo mpaka bati linaonekana, juu yake yanadondoka maji ya chumvi, na mwenye gari anashangaa kwa nini sakafu imetoboka wakati injini bado nzima. Ukibeba mzigo wa aina hiyo, mwaga maji mengi kwenye karia siku hiyohiyo, na michubuko ya karia uipe kipaumbele kuliko ya mbele ambayo watu wanaiona.

Kwa upande mwingine, wapo wanaokosa usingizi kwa ajili ya bampa. Bampa la magari mengi ya sasa ni plastiki, haliwezi kuota kutu. Kitundu cha bampa kinaweza kusubiri hadi upate nafasi, cha boneti hakiwezi.

“Paka rangi ya kucha, imeisha hiyo”

Rangi ya kucha imetengenezwa ikae siku chache kwenye kidole, kisha itoke. Ukiipaka kwenye boneti linalochomwa na jua kutwa nzima, inakakamaa, inapasuka nyufa ndogo, na maji yanaingia kwenye nyufa hizo na kubaki chini yake. Ile isiyo na rangi inageuka manjano pia. Kama uko safarini na bati liko wazi na mvua inakuja, tone la rangi ya kucha ni afadhali kuliko kuacha wazi, lakini ukifika nyumbani litoe. Lichokonoe taratibu kwa kijiti. Usimwage thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, juu yake, kwa sababu thina ikigusa rangi ya pembeni iliyowahi kurudiwa gereji inaweza kuiyeyusha.

Wengine wanashauri dawa ya meno au mafuta ya taa. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia. Inaweza kupunguza mkwaruzo mwepesi sana ulioishia kwenye kliya, ila haijazi shimo. Mafuta ya taa yanafanya kitundu kionekane kimepotea kwa sababu yameacha utando wa mafuta, na utando huo ukibaki, rangi utakayopaka baadaye haitashika.

“Kutu ukiifunika kwa rangi inakufa”

Haifi. Ndani ya kutu tayari kuna unyevu na hewa, na rangi iliyopakwa juu yake imeshika unga, haikushika chuma. Baada ya muda rangi inavimba na kung'oka pamoja na kutu yake. Kazi ya kuondoa kutu ndiyo kazi yenyewe hasa, na ndiyo inayorukwa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Osha gari kwa maji na sabuni, likauke kabisa. Chukua kitambaa safi chenye spiriti, ufute sehemu hiyo ili nta na mafuta yatoke. Tumia ncha ya sindano nene au kisu kidogo kubandua ukingo wowote wa rangi ulioinuka, maana ukingo uliolegea hauna faida. Kisha kata kipande kidogo cha msasa namba 400 au 600, ukigandishe kwenye kitako cha penseli, na uizungushe penseli ndani ya kitundu. Hivyo unasugua kutu peke yake bila kukwaruza rangi nzima ya pembeni. Endelea hadi uone bati jeupe linalong'aa. Vikibaki vidoti vyeusi vilivyozama kwenye bati, kuna dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki ambayo inaigeuza kutu kuwa tabaka gumu lisiloendelea kula chuma. Weka kidogo tu kwa kijiti cha meno, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, ufute.

Futa tena kwa spiriti, usiguse tena kwa kidole. Weka tone dogo la praima ya chuma, na ulifanye siku hiyohiyo, kwa sababu bati lililosuguliwa likilala wazi usiku mmoja wa mvua linaanza upya.

“Nyeupe ni nyeupe”

Fungua boneti la gari lako au mlango wa dereva, utafute kile kibao cha chuma chenye maandishi. Kwenye Toyota nyingi namba ya rangi inafuata baada ya maandishi C/TR, au COLOR na TRIM. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida, tone moja la rangi yake linakaa vizuri. Ukikuta 070, hiyo ni nyeupe ya lulu: chini kuna nyeupe, juu yake tabaka lenye chembe za kung'aa, kisha kliya. Ukilipaka 070 kwa nyeupe yoyote ya dukani litaonekana kama limepakwa chokaa.

Rangi ya fedha nayo ina ugumu wake. Namba 1F7, ambayo imejaa barabarani, ina vipande vidogo mno vya metali. Rangi ikipulizwa, vipande hivyo vinalala vikitazama upande mmoja, na ukipaka kwa brashi vinalala ovyo. Ndiyo maana tone la fedha linaonekana jeusi kidogo hata namba ikiwa sahihi. Si kosa la muuzaji. Kama duka la mjini halina mashine ya kuchanganyia, tuma namba hiyo Mwanza au Dar es Salaam uombe chupa ndogo kabisa. Tena jua letu limeshafifisha magari ya zamani, kwa hiyo jaribu rangi kwanza mahali pasipoonekana.

“Jaza tone nene, anika juani”

Tone nene linakauka juu kwanza. Chini thina inabaki imefungiwa, ikitafuta kutoka inaleta viputo, na ikishatoka rangi inasinyaa na kuacha shimo. Bati la moto la saa nane mchana linazidisha tatizo hilo. Paka kivulini, asubuhi baada ya umande kukauka, siku isiyo na mvua, maana hewa ikiwa na unyevu mwingi kliya inaweza kupata ukungu mweupe. Tumia kijiti cha meno au brashi nyembamba ya kuchorea, gusa katikati ya kitundu na uache rangi itambae yenyewe hadi ukingoni. Subiri ikauke, rudia, mara mbili au tatu, kisha kliya. Tabaka la mwisho liinuke kidogo kuliko rangi ya pembeni.

Kulisawazisha kwa msasa wa maji namba 2000 na kompaundi ya kung'arishia ni hiari, tena baada ya wiki nzima. Mkono ukizidi unakula kliya ya kiwandani, ambayo hairudi. Binafsi naona kipele kidogo kinachoonekana ukiinama ni bora kuliko boneti lililoliwa kliya.

“Hakuna njia, boneti lote lipigwe rangi”

Mama mwenye duka anapeleka gari lina vitundu vinne vitano, fundi anamwambia, “Mama, hapa tulivue lote tulipulize, litarudi jipya.” Kazi ya fundi naiheshimu, na yapo magari yanayohitaji hivyo: kliya inapomenyuka vipande vipande, bati likibonyea, vitundu vikiungana, au puti ikishanyonya maji. Lakini kwa vitundu vinne vitano, huyo mama ana haki ya kujibu, “Mwanangu, mimi nataka lisiote kutu tu.”

Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri. Kliya yake inaiva kwa joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, na lile tabaka la chini kabisa kwa joto kubwa zaidi, kabla bodi halijafungwa nyaya wala viti. Gereji haiwezi kuliweka gari zima lenye nyaya na plastiki kwenye joto hilo. Inatumia rangi inayochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya igande na kuwa ngumu, na ikifanywa vizuri, bati likisafishwa na vumbi likizuiwa, ni kazi imara. Ikifanywa chini ya mwembe upepo ukivuma, umebadilisha rangi nzima iliyotoka kiwandani kwa rangi yenye chembe za mchanga ndani yake. Tone la kijiti cha meno halitarudisha boneti la dukani, na asikudanganye mtu kwamba litafanya hivyo. Linafunga bati maji yasilifikie.

Baada ya kupaka, usitie nta kwenye sehemu hiyo kwa takriban mwezi mmoja, rangi imalize kupumua. Mvua chache zikishapita, kaangalie tena. Ukiona duara la kahawia limetokeza kuzunguka tone, kuna kutu iliyobaki chini. Libandue, rudi kwenye penseli na msasa, na safari hii usipake chochote hadi bati liwe jeupe lote.