Sufaktanti za asili ni nini, na hutengenezwaje?

Tone la maji likidondoka juu ya kitambaa kilichopakwa nta hujikusanya kuwa duara na kugoma kupenya. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na zile za juu kabisa huvutwa kuelekea ndani. Hali hiyo huitwa mvutano wa uso, na kwa maji safi yenye nyuzijoto 25 za Selsiasi kipimo chake ni milinyutoni 72 hivi kwa mita. Tia sabuni kidogo: kipimo kinashuka hadi karibu 30, tone linatandaa, kitambaa kinalowa. Kemikali yenye uwezo huo ndiyo sufaktanti. Imo kwenye sabuni ya unga, shampuu, dawa ya meno, rangi za ukuta, hata dawa za kunyunyizia mimea.

Siri iko kwenye umbo. Molekuli moja ina pande mbili zisizopatana: kichwa kinachopenda maji, na mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni unaoyakimbia maji na kushikana na mafuta. Zikiwa nyingi majini hujipanga makundi makundi, mikia ndani, vichwa nje. Grisi ya sahani hunaswa katikati ya makundi hayo na kuondoka na maji.

Tunaposema sufaktanti ni ya asili, tunazungumzia hasa kaboni yake imetoka wapi. Tangu katikati ya karne ya 20 viwanda vingi vimeitoa kwenye mafuta yanayochimbwa ardhini, yaani petroli. Sufaktanti ya asili huipata kwenye mimea au vijidudu: mkia kutoka mafuta ya nazi au ya mise (kiini cha tunda la mchikichi), kichwa kutoka sukari au asidi amino. Hizo ni malighafi jadidifu, kwa sababu mmea huvunwa ukapandwa tena, na kaboni yake ilikuwa hewani juzijuzi tu.

Sabuni ya kipande ndiyo kongwe kati yake. Mafuta yakipikwa na magadi ya kostiki hugeuka sabuni na gliserini. Udhaifu wake ni maji magumu: kalsiamu na magnesiamu huikamata na kuigeuza utando usiotoa povu, na hilo lilichangia kuwapeleka wanakemia kwenye petroli.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni alkili poliglukosidi, maana kichwa na mkia vyote viwili ni vya mimea. Mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alieleza mwaka 1893 namna ya kuunganisha sukari na alkoholi kwa msaada wa asidi, lakini uzalishaji mkubwa ulishika kasi miaka ya 1990. Mafuta ya nazi au ya mise hubadilishwa kwanza kuwa alkoholi zenye kaboni 8 hadi 16, kwa kuyapa hidrojeni chini ya shinikizo kubwa. Wanga wa mahindi nao huvunjwa kuwa sukari iitwayo glukosi. Ugumu unaanzia hapa: glukosi haiyeyuki kwenye alkoholi za namna hiyo. Kwa hiyo alkoholi huwekwa nyingi kupita mahitaji, sukari husambazwa ndani yake ikiwa chembe ndogo, kisha kichocheo cha asidi hutiwa na mchanganyiko kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 100. Kila muungano unapotokea hutoa maji, na maji hayo yakibaki hurudisha mambo nyuma, hivyo hufyonzwa papo hapo kwa ombwe. Joto likizidi, sukari huungua na bidhaa huwa ya kahawia. Mwishoni asidi huzimwa na alkoholi iliyobaki hukenekwa. Kwenye orodha ya viambato vya shampuu utaitambua kwa jina linaloishia na glucoside.

Njia nyingine ni kuwaachia vijidudu kazi. Hamira iitwayo Starmerella bombicola ikilishwa sukari na mafuta hutoa soforolipidi, sufaktanti zenye kichwa cha sukari, na inaweza kuzitoa zaidi ya gramu 100 katika lita moja. Ramnolipidi, sufaktanti nyingine za kichwa cha sukari, zilijulikana kwanza kwa bakteria Pseudomonas aeruginosa, lakini huyo huambukiza watu, kwa hiyo wataalamu walihamishia jeni husika kwa ndugu yake asiye na madhara, Pseudomonas putida. Mwaka 2024 kampuni ya kemikali ya Evonik ilifungua Slovakia kiwanda kikubwa cha ramnolipidi kinachotumia sukari ya mahindi. Adui mkubwa wa njia hii ni povu, kwani bakteria wanahitaji hewa, na ukipuliza hewa ndani ya sufaktanti unajua kitakachotokea.

Ipo pia mimea yenye sufaktanti tayari, kama mti wa kwilaya wa Chile, ambao gome lake lina saponini. Hapa nasisitiza jambo moja: saponini ni za asili kabisa, na bado ni sumu kwa samaki. Chanzo cha kitu hakikuambii kitafanya nini mtoni. Sodiamu lauril salfeti, sufaktanti ya kawaida ya dawa ya meno, ikitokana na mise ni molekuli ileile na inayotokana na petroli, na huwasha ngozi vilevile. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu sabuni za usafi haiulizi asili. Inataka vijidudu viwe vimeivunja sufaktanti kwa angalau asilimia 60 ndani ya siku 28.

Asili yenyewe hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua polepole kadiri muda unavyopita. Mimea ya leo inayo, ilhali kwenye petroli imekwisha kwa kukaa ardhini mamilioni ya miaka. Kiwango cha Ulaya EN 17035 hugawa madaraja kwa asilimia ya kaboni iliyotoka kwenye mimea: 95 na zaidi, sufaktanti ni ya mimea yote, 50 na zaidi, kwa sehemu kubwa. Chukua sodiamu laureth salfeti, maarufu kwenye shampuu. Mkia wake una kaboni 12 za mise, lakini katikati zimeingizwa kwa kawaida kaboni 4 hivi za ethilini oksidi, kemikali itokanayo na petroli. Ni 12 kati ya 16, yaani asilimia 75, hata kama chupa imechorwa jani. Ili ifike daraja la juu, ethilini oksidi nayo lazima itokane na ethanoli ya mimea, na tayari vipo viwanda vinavyoitengeneza hivyo.