Kupima mtoto tumboni si kukubali kutoa mimba

Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Kamalondo, waumini wengi wanaona kwamba kupima magonjwa ya kurithi ya mtoto aliye tumboni ni mlango wa kutoa mimba, kwa hiyo mama mcha Mungu hapimwi. Hofu hiyo haikuzuka hivihivi: wapo wanaoyatumia majibu hivyo. Ila kipimo hutoa habari. Wanaoamua ni wazazi.

Chukua ugonjwa wa SS, yaani selimundu: mtoto amerithi hemoglobini S kwa wazazi wote wawili. Kazi kubwa hufanyika bila kugusa mimba: baba na mama wanatolewa damu mkononi kwa ajili ya elektroforezi ya hemoglobini, kipimo kinachoonyesha aina za hemoglobini (A ya kawaida, S ya ugonjwa). Wote wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba S moja bila kuwa SS, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa mtoto SS, hata kama watatu wa kwanza ni wazima. (Ukoo wa mume hupenda kumlaumu mke, kumbe S moja hutoka kwa baba.) Ekografi haiuoni ugonjwa huu. Njia mojawapo ya kuuthibitisha tumboni ni sindano ya kuchota maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, na mara chache mimba huharibika. Mama ana haki ya kukataa; mtoto atapimwa akizaliwa, na akiwa SS ataanza penisilini kabla ya miezi 3, mpaka afike miaka 5.

Karatasi ya majibu isome mwenyewe. Kwa AS, asilimia ya A huizidi S. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 aseme mapema, maana SS anaweza kusomeka AS. Uliza pia kama kipimo kinathibitisha ugonjwa au kinachuja tu, yaani kinaonyesha uwezekano wake: kile cha damu ya mama cha kutafuta trisomia 21 (ugonjwa wa Down), kuanzia wiki ya 10, huchuja tu.