Uhuru haukufika siku moja: kuandaa kumbukumbu kwenye shamba la zamani la utumwa

Waandaaji wengi wa kumbukumbu za mwisho wa utumwa nchini Marekani huchukua tarehe 19 Juni na kuibandika kwenye kila shamba. Siku hiyo, mwaka 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza mjini Galveston Amri Namba 3, iliyosema watumwa wa Texas ni huru, kwa hiyo ni siku ya Texas kwanza, ingawa tangu 2021 ni sikukuu ya taifa zima. Maryland ilikwisha kufuta utumwa tarehe 1 Novemba 1864. Kentucky na Delaware hazikuguswa na Tangazo la Ukombozi la Rais Lincoln la 1863, lililohusu majimbo yaliyoasi tu. Huko utumwa uliendelea kisheria hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865. Chunguzeni watu wa shamba lenu walipata uhuru lini na kwa njia gani, na wageni waambiwe hivyo hata mkikutana Juni.

Kazi nzito ni majina. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, karibu kila mahali bila majina yao. Yatafuteni kwenye wosia, orodha za mirathi, hati za mauzo na daftari za mgao wa nguo, kisha mlinganishe na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaorodhesha walioachwa huru kwa majina yao. Orodha ya mirathi mara nyingi huweka bei kando ya jina. Atakayesoma hadharani aeleze pia undugu, yaani mama ni nani na mtoto alipelekwa wapi. Bei peke yake inarudia dhuluma ileile. Vizazi vya watu hao washirikishwe tangu mpango unapoanza, wawe na kauli juu ya kitakachosomwa.

Matembezi yaanzie kwenye makazi ya watumwa. Huko Stagville, North Carolina, ambako familia moja ilimiliki watu wapatao 900, nyumba za Horton Grove bado zimesimama, na matofali yana alama za vidole vya walioyafyatua. Mgeni aliyeanzia jumba la bwana hufika huko amechoka, akapita haraka.

Msiigize mnada, wala msiwape watoto nafasi ya kuwa watumwa. Huumiza wengine na kuwachekesha wengine. Onyesheni ufundi: uhunzi, useremala, upishi wa mekoni.

Wekeni pia meza ya wanaokuja na picha au majina ya ukoo, yenye mtu anayejua nyaraka. Nakilini walichonacho kwa ridhaa yao, na nakala za asili muwarudishie palepale.