Je, Wajua Kwa Nini Tanuri la Zamani Hujizima Huku Nyumba Ikizizima?

Katika miji yenye baridi kali kama Minneapolis na Toronto, ambako wapo pia wasemaji wa Kiswahili waliohamia kutoka Afrika Mashariki na Kongo, nyumba nyingi hupashwa joto na tanuri la gesi. Gesi huwaka ndani ya chemba ya chuma na moshi wake hutoka nje kwa bomba, huku feni kubwa ikiisukuma hewa ya nyumba ipite juu ya kuta za nje za chemba hiyo, ipate joto, kisha isambae vyumbani. Tanuri likizeeka, hutokea moto ukawaka vizuri, ukazimika baada ya dakika chache, na matundu ya vyumbani yasitoe upepo wowote.

Wengi huilaumu gesi, kumbe moto umezimwa makusudi. Matanuri ya zamani yana swichi ya joto iliyotengenezwa kwa utepe wa metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti, hivyo utepe hujipinda kadiri joto linavyopanda. Ukijipinda kiasi, huwasha feni. Joto likizidi, mara nyingi kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi, hukata gesi. Feni isipovuma, joto hubaki limejikusanya pale pale na swichi hufanya kazi yake. Chujio la hewa lililojaa vumbi huleta matokeo yale yale hata kama feni inazunguka, kwa hiyo ndilo la kutazamwa kwanza.

Chujio likiwa safi, sikiliza mota. Aliyewahi kulala chini ya feni ya dari Mombasa au Dar es Salaam huenda anaujua mngurumo wa feni isiyoanza mpaka isukumwe kwa mpini wa fagio. Chanzo ni kimoja. Umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, na nguvu ya sumaku inayotokana nao hupanda na kushuka mahali pamoja bila kuzunguka, hivyo mota iliyosimama haipati msukumo wa kuelekea upande wowote. Kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, huufanya mkondo katika waya wa pili wa mota utangulie ule wa kwanza, na tofauti hiyo ndogo ya wakati ndiyo inayoizungusha nguvu ya sumaku. Kapasita ikichoka, mota hunguruma tu, hupata joto, na kinga yake ya ndani huikatia umeme mpaka ipoe.

Kabla ya kununua kapasita nyingine, zima umeme wa tanuri kabisa, kisha zungusha gurudumu la feni kwa mkono. Likiwa zito, beringi zimekauka, na mota nyingi za zamani zina vitundu vya kutilia matone machache ya oili. Likizunguka kwa wepesi, angalia mkanda wa mpira kwa matanuri yanayoutumia, kwani ukikatika mota huzunguka na gurudumu likabaki limesimama. Kapasita mpya lazima iwe na namba ile ile ya maikrofaradi, yaani kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji, iliyoandikwa kwenye ya zamani, kwa mfano 5 au 7.5, na kiwango cha volti kisichopungua. Hata umeme ukiwa umezimwa, kapasita huweza kubaki na chaji ya kumpiga mtu, kwa hiyo asiyejua kuitoa amwite fundi.

Namsihi msomaji jambo moja: asiruke swichi ya joto kwa kuunganisha nyaya zake ili moto uendelee kuwaka. Chemba inayopata joto kupita kiasi bila upepo huweza kupasuka, na kupitia ufa huo kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, huweza kuingia katika hewa ile ile inayopelekwa vyumba vya kulala. King'ora cha gesi hiyo hufungwa karibu na vyumba hivyo, na kikilia, watu wote hutoka kwanza, simu ipigwe wakiwa nje.