Kwa nini watawa wa jangwani waliogopa mchana kuliko usiku?

Ukisikia pepo unawaza usiku, si ndiyo? Sasa watawa wa kale wa jangwa la Misri, karne ya 4 huko, walikuwa na pepo wa mchana kweupe, tena ndo waliyemwona mzito kuliko wote. Walimwita akedia, Kigiriki hicho, yaani moyo kuchoka kila kitu mpaka sala.

Aliyemchambua vizuri ni Evagrius wa Ponto, msomi aliyekuwa shemasi Constantinople, akampenda mke wa mtu, mambo yakawa magumu akakimbilia Yerusalemu halafu Misri, akaishia Kellia, makazi ambayo kila mtawa ana kijumba chake mbali na mwenzie, na huko ndo alikofia mwaka 399. Anasema huyu pepo anaingia saa nne, hatoki mpaka saa nane. Na ni saa zetu hizihizi, wao pia walihesabu kuanzia jua linapochomoza.

Mbona muda huo? Angalia ratiba yao tu. Usiku wamekesha wakisali, mlo ni mmoja kwa siku, mkate na chumvi, na unaliwa saa tisa alasiri. Kwahiyo mchana wote una njaa, una usingizi, joto linakupiga, uko peke yako unasuka vikapu na kamba za makuti... hapo jua linaonekana kama limegoma kutembea, Evagrius anasema siku inakuwa na masaa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka kucheki saa tisa bado kiasi gani, anaangaza kama kuna ndugu anapita wapige stori. Anachukia kijumba, anachukia kazi, anakumbuka kwao, anajiambia Mungu si yuko kila mahali, nihame tu. Akishika kitabu anapiga miayo, anahesabu kurasa zilizobaki, mwisho anakikunja anakifanya mto analala. Miaka 1,600 iliyopita jamani!

Na jina lake jingine, "pepo wa adhuhuri", wamelitoa Zaburi ya 91, Biblia yao ya Kigiriki inataja pepo pale ambapo yetu inasema "uele uharibuo adhuhuri".

Dawa yake? Usitoke ndani, basi. Wanasimulia Antoni mwenyewe, mkubwa wao, alishikwa na akedia akaonyeshwa mtu kama yeye amekaa anasuka kamba, anasimama anasali, anakaa tena anasuka, akaambiwa fanya hivyo utaokoka.

Baadaye mtawa Yohane Cassian akaipeleka orodha ya mawazo mabaya nane ya Evagrius, akedia ikiwemo, mpaka Marseille, Ufaransa, na mwisho wa karne ya 6 Papa Gregori wa Kwanza akaipanga upya, akedia ikamezwa na huzuni, halafu karne za mbele ikarudi kwenye mizizi saba ya dhambi kwa jina la uvivu. Mi naona hapo walikosea, maana Evagrius huyohuyo anasema mwenye akedia anaweza kuwa wa kwanza kukimbilia kutembelea wagonjwa, ilimradi tu asikae kwake.