Gripu haipunguzi uzito wa kichwa cha raketi

Jumamosi kijana mmoja ameniletea raketi ya vinyoya (badminton) ya 4U, yaani ya daraja la uzito mwepesi, yenye gripu tatu, zile tepe za kuzungushia mpini, moja juu ya nyingine, na zote zimekalia ile ya kiwandani. Mpini umenenepa kama mchi. "Shikamoo fundi. Naomba uniongezee ya nne, nataka kichwa kiwe chepesi." Nikaitikia marahaba, nikamvutia kiti. Mwezi huu peke yake nimeshaombwa hivyo mara tano au sita, na leo nimechoka kueleza kwa mdomo.

Kichwa hakijapungua hata gramu. Raketi yako imeongezeka uzito, basi.

Najua imani hiyo inatoka wapi. Chukua raketi ya gramu 90, nyuzi zikiwemo, ambayo ukiiegemeza kidoleni inatulia kwenye milimita 295 kutoka kitako. Ifunge gripu ya gramu 5, uzito wake ukae kama sentimita 9 kutoka hapo kitakoni. Iegemeze tena: inatulia kwenye milimita 284. Zimehama milimita 11, na mtu akiziona kwa macho yake humwambii kitu.

Lakini vinyoya hatuchezi kwa kuegemeza raketi kidoleni! Tunaizungusha, tena kutokea kwenye kifundo cha mkono, jirani kabisa na ilipo hiyo gripu. Kitu kikizungushwa, uzito wake unausumbua mkono kwa kadiri ya umbali ukizidishwa kwa umbali huohuo. Piga hesabu ukianzia kitakoni. Gripu: 5 mara 9 mara 9, unapata 405. Sasa bandika gramu 1 tu kwenye ncha ya kichwa, sentimita 67 kutoka kitako: 67 mara 67, unapata 4,489. Gramu 1 ya juu inaushinda uzito wa gripu nzima mara 11. Ndiyo maana kipimo cha kidoleni kinacheka na wewe huku smashi yako, lile pigo kali la kushusha chini, ikibaki vilevile. Kama kichwa kinakulemea, tafuta raketi yenye kichwa chepesi.

Kinachobadilika kweli ni unene, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Gripu ya juu, yaani ile inayofungwa juu ya ya kiwandani, kwa kawaida ina unene wa kama milimita 0.6. Ukiifunga kwa kuipandisha nusu juu ya nusu, kila upande unapata milimita 1.2, maana yake kipenyo cha mpini kimeongezeka milimita 2.4, ukitoa kidogo kwa vile gripu inavutwa. Gripu ileile ukiipandisha kwa milimita 2 au 3 tu, ongezeko linakaribia nusu ya hapo. Yaani watu wawili wananunua gripu moja, wanaondoka na mipini miwili tofauti, halafu wanabishana ipi ni bora.

Na unene unakula nini? Unakula safari ya vidole. Raketi inashikwa kwa ulegevu, kama yai bichi, kisha vidole vinabana ghafla kinyoya kinapofika. Nguvu ya pigo fupi inatoka katika kule kubana. Mpini ukishaujaza mkono, vidole havina pa kwenda. Vimefika kabla ya kuondoka. Mtu anaanza kutumia bega kwa pigo lililohitaji kidole. Tena mpini una pembe nane, na kila gripu unayoongeza inazidi kuzifanya butu. Kwenye bekihendi, pigo la mgongo wa mkono, kidole gumba kinatafuta ubapa wa kusukumia, kinakuta duara. Uso wa raketi unapinda kidogo, kinyoya kinatoka nje, na lawama wanapewa waliofunga nyuzi. Nimezipokea lawama hizo.

Wapo wanaobandua ya kiwandani kabisa, wakafunga ya juu moja kwa moja kwenye mbao. Mimi nacheza hivyo. Mtetemo unausikia zaidi, na wengine hawaupendi. Hilo ni la mkono wako.

Kuhusu jasho nitasema haraka: kwa joto la Dar es Salaam wakati wa masika, gripu ya taulo inakunywa jasho kuliko ile laini ya plastiki, ila ni nzito, ni nene, na ikikaukiana inakuwa ngumu. Ibadilishe mapema.

Kiwiko kikiuma, nenda kwa daktari. Mpini mwembamba mno humfanya mtu aukabe, hilo naliona kila wiki. Lakini asiyejua kulegeza mkono huukaba hata ulio mnene. Siahidi kwamba milimita 2 zitamponya mtu.

Na kuna jambo linalonisumbua mwenyewe. Nikiongeza gripu ya pili, pigo langu la nyavuni linatulia. Hesabu zangu hazisemi hivyo, na nimerudia mara nyingi. Huenda vidole visivyo na nafasi vinashindwa kutikisa raketi, na nyavuni huko kutulia ndiko kunakotakiwa. Kwa hiyo mchezaji wa mbele kwenye dabo (wawili kwa wawili) akitaka mpini mnene, simbishii tena kama zamani.

Kijana tumembandulia zote tatu, nikamfungia moja, nikiipandisha kidogo tu. Amepiga bekihendi ukutani kama mara ishirini, akasimama, akakitazama kidole gumba chake. "Fundi, kumbe kuna pembe humu?"