Freddie, Bismillahi na mwanamke mwenye noti mkononi

Mtoto wa kaka yangu anatembeza wageni Mji Mkongwe. Wiki iliyopita kaja nyumbani, hata kukaa hajakaa, kaanza: "Shikamoo shangazi. Leo nimeumbuka." Kumbe alikuwa na wageni wake Shangani, mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, mmoja wao kamuuliza: nyinyi wenyeji ule wimbo wake mkubwa, "Bohemian Rhapsody", mnauelewaje? Huyo anayesemwa kauliwa ni nani? Kijana wa watu kajibu kuwa nyumbani ana shangazi mtaalamu wa mafumbo, atamuuliza.

Marahaba. Mtaalamu ni neno kubwa. Nimesomesha fasihi skuli kwa miaka mingi na nimewatungia maneno vikundi viwili vitatu vya taarab hapa mjini, na baadhi ya nyimbo hizo bado zinaimbwa harusini. Roki siijui. Lakini swali la nani kasemwa ndani ya wimbo ndilo lililonilea, kwa hiyo nikamwambia nipe siku chache, nikausikiliza wimbo mpaka majirani wakaniuliza kulikoni.

Kwanza yale ya hakika, maana wengi wanayo nusunusu. Alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, dini yao ya Zaratustra, baba yake keshia katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane kapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Karudi 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Feltham, Uingereza. "Bohemian Rhapsody" ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975: dakika 5 na sekunde 55, haina kiitikio, ikakaa namba moja kule Uingereza kwa wiki tisa. Yeye kafariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa anaumwa.

Sasa niache nikueleze habari ya mlimau wangu, halafu tutarudi kwake.

Zamani kidogo niliandika ubeti huu:

Mlimau nimepanda, penye kisima cha kwangu,
Jirani akaupenda, akavuka ua wangu,
Naye achume matunda, yaliyojaa uchungu.

Ukauimba mwanamke mwenye sauti yake, ukumbi umejaa. Ulipofika mstari wa tatu, kainuka bibi mmoja kavaa dera la kijani, noti kainyanyua juu kama bendera, akaja mbele kwa mwendo wa pole. Lakini hakuja moja kwa moja. Kapita safu ya pili, kazunguka kiti cha mwanamke mwingine mara mbili, ndipo akaenda kumtunza mwimbaji kwa noti ile. Ukumbi mzima ukaelewa. Mume kachukuliwa, na aliyemchukua kaambiwa: kula, utaona ladha yake. Harusi ya mwezi uliofuata ubeti huohuo ukatunzwa na dada mwingine, na safari hiyo ulikuwa ugomvi wa kiwanja.

Mimi niliutunga kwa ajili ya cherehani. Jirani yangu aliniazima cherehani hakunirudishia, naye hakujua kuwa nilimpa ile mbovu. Basi. Sikumwambia mtu. Mwenye dera la kijani angenipiga.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu watu wa mbali wanapozungumzia maana iliyojificha, huwa na picha ya sanduku: mshairi katia kitu ndani, kafunga, na kazi yetu ni kutafuta ufunguo. Aliyekulia kwenye taarab anajua kuwa ndani ya wimbo mmoja wamo watu watatu au wanne. Yupo aliyetunga maneno, yupo aliyetia muziki, yupo anayeimba, kisha yupo anayeinuka na noti. Na huyu wa mwisho ndiye anayeamua usiku huo nani kasemwa. Siku za vikundi vya wanawake vilivyokuwa vikipambana kwa nyimbo, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, wimbo ulikuwa unasubiriwa kama barua, na aliyeandikiwa alijulikana kabla beti ya kwanza haijaisha. Lakini hata hapo, maneno yenyewe yalizungumzia ua, jahazi, njiwa. Ukimshitaki mtunzi atakwambia, mie nimeimba njiwa, mwenzangu wewe vipi?

(Si kila wimbo wa kwetu ni fumbo, na hili huwachanganya hata wanafunzi wangu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba na wenzake juu ya Kijiti, mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni, na wakamtaja kwa jina. Pale hapakuwa na njiwa.)

Kwa hiyo nikiletewa wimbo wowote, hata wa roki, naanza na maswali ambayo mwanamke yeyote wa Kikwajuni angeuliza: nani katunga, lini, na anaambiwa nani.

Nani katunga? Utashangaa ni wangapi wanaoanguka hapo. Wageni wa mtoto wangu hulia wakisikia "The Show Must Go On", iliyotoka Oktoba 1991, wiki sita kabla ya kifo chake, wakisema sikiliza mgonjwa anavyoaga. Sehemu kubwa ya wimbo ule kaiandika Brian May, mpiga gita. "These Are the Days of Our Lives", ambao nao huitwa kwaheri yake, ni maneno ya Roger Taylor, mpiga ngoma. Tangu albamu ya 1989 wanne wale waliamua kuandika majina yao yote chini ya kila wimbo, ndipo msikilizaji akapotea. Siwakatazi kulia. Sauti ni yake na alijua anachokiimba. Lakini kilichomo mle ni marafiki wawili wanaomtazama mwenzao akiondoka, wakamtilia maneno mdomoni, naye akakubali kuyabeba. Kwangu hilo linauma zaidi kuliko kama angeyatunga mwenyewe.

Lini? Hapa linaanguka lile la kuwa "Bohemian Rhapsody" ni wimbo wa UKIMWI, ambalo nimelisikia kwa masikio yangu Forodhani kwa mtu anayelipwa kueleza. Wimbo ni wa 1975. Ugonjwa wenyewe madaktari wa Marekani waliuripoti mara ya kwanza 1981. Anayeusikia umauti mle ndani ya wimbo anausikia kwa sababu anajua mwisho wa hadithi, kama vile mimi nikifiwa kesho, mtu ataukumbuka mlimau na kisima akasema, masikini, alijitabiria kaburi.

Halafu majina. Scaramouche, Galileo, Figaro. Watu wameandika mengi: wa kwanza ni mchekeshaji wa michezo ya zamani ya Kitaliani, wa pili ni yule mwanasayansi wa nyota, wa tatu ni kinyozi wa opera, basi unganisha upate siri. Mshairi wa Kiswahili angeyatazama majina hayo akacheka, kwa sababu anamjua mkorofi aliyeyaleta. Ni kina cha shairi. Galileo, Figaro, na lile neno la sifa linalofuata, magnifico, yote yanaishia kwenye o. Ukishaanza na o, o nyingine zinajileta zenyewe, hata kama hazina habari na jambo lako. Nimewahi kumtia Sultani wa watu kwenye wimbo wa ubuyu kwa ajili ya kina cha "ni". Mwaka 2023 rasimu za wimbo huu zilipigwa mnada na Sotheby's London, na juu ya karatasi moja jina la kwanza lilikuwa "Mongolian Rhapsody", kisha likakatwa. Mtu anayepima Mongolia na Bohemia kwa mlio wa maneno hafichi ramani. Anaonja.

Anaambiwa nani? Hapa ndipo wimbo wenyewe unaponishinda kidogo, na ndipo nilipoanza kuupenda. Taarab hushika mlengwa mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Huyu anaanza na maswali kama anajisemea, kisha anamwita mama na kukiri kuwa kaua mtu, kisha anawaaga wote, halafu linatokea kundi zima linabishana juu ya mfungwa, wengine aachiwe, wengine hapana. Mwishoni anamgeukia mtu mmoja kwa hasira: unadhani unaweza kunipiga mawe na kunitemea mate? Huyo ni nani? Si mama. Nimeurudia mara nyingi na sioni namna ya kuwafanya hawa wote wawe mtu mmoja. Kama ni mlango, una vitasa vinne na kila kimoja kina ufunguo wake.

Wapo Uingereza wanaosema aliyeuliwa ni yeye mwenyewe wa zamani: kijana aliyekuwa akiishi na mpenzi wake Mary Austin huku moyo ukielekea kwa wanaume, na mama anaungamiwa hilo. Sitalizungukia, ingawa najua hapa kwetu ndilo linalowafanya watu washushe sauti. Mwaka 2006 sherehe iliyotayarishwa mjini kwa miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa mpaka ikafutwa. Nikilipima kwa mizani yangu, maelezo haya yanapita mtihani wa nani na mtihani wa lini, mambo ambayo mengine hayakuyafanya. Wengine wanasema aliyeuliwa ni Farrokh, na muuaji ni Mercury. Hili linawapendeza sana wageni wakiwa wamesimama Shangani. Linanipendeza na mimi, na ndiyo maana siliamini sana. Limekaa vizuri mno, kama nguo iliyoshonwa baada ya mvaaji kupimwa. Mwenyewe aliulizwa miaka yote, akawaambia watu wasikilize kisha waamue. Akafa nalo. Watunzi wa hapa wangemwelewa. Ukishafumbua wimbo wako mwenyewe, nani atainuka kukutunza?

Watunzaji hawakukosekana. Mwaka 2004 nyimbo za Queen ziliruhusiwa kuuzwa Iran, na kanda ikatoka na karatasi ya maelezo: kijana kaua mtu kwa bahati mbaya, kauza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mungu kwa Bismillah, akairudisha roho yake. Niliposoma hilo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ni kazi nzuri. Mwandishi wa karatasi ile kaichukua kila sehemu, mama, shetani, mabishano, kaipa nafasi yake, wala hakuvunja kitu. Ni bibi mwenye dera la kijani yuleyule, isipokuwa hapo ni nchi nzima iliyopita kuzunguka kiti.

Na kwa kuwa tumefika kwenye Bismillah, mtoto wangu aliniuliza kwa nini mtoto wa Kiparsi aliweka neno hilo. "Si kalitoa hapa, shangazi?" Nikamwambia asiwaambie wageni hivyo kama jambo la hakika. Neno hilo lipo India pia, alikokaa skuli miaka yote ile. Na Mzungu anayetaka kupamba opera kwa harufu ya mashariki hakosi kulipata.

Lakini sikiliza limekaa wapi. Wasomaji wa mbali hulichukua kama neno la kuanzia sala, kwa hiyo wanaona mfungwa anaomba. Sisi tunalitumia kwa kula, kwa kufungua duka, kwa kuwasha vespa, ndiyo, ila lina matumizi mengine ambayo hayamo kwenye kamusi zao. Mtoto akijikwaa kwenye ngazi, kabla hajafika chini, bibi yake ndani keshapiga ukelele: "Bismillahi!" Mtu akishtuka, sufuria ikianguka, kiza kikiingia ghafla umeme ukikatika. Hapo si dua ya kuanzia chochote. Ni mkono unaotangulia kumdaka mtu. Na kwenye wimbo neno halikukaa mwanzoni mwa kitu. Limepigwa kwa ukelele katikati ya rabsha, wakati kijana anang'ang'aniwa, huyu anamvuta aende, yule anasema hatumwachi. Watoto wa mitaa ya Mji Mkongwe wa wakati ule, wa dini yoyote, walijikwaa kwenye ngazi zilezile na kusikia ukelele uleule kutoka dirishani.

Ushahidi hapo hamna. Kwa maswali yangu mwenyewe, ningemsahihisha mwanafunzi aliyeniandikia hivi. Lakini kila nikifika hapo kwenye wimbo namsikia marehemu mama yangu dirishani, na mie niko ngazi ya tatu, goti linavuja damu. Basi hapo nami nainuka, nina elfu tano yangu mkononi, napita safu ya pili.